Si kila anayelipwa ni mtu wa mshahara



Dominika moja baada ya Misa ya pili, binti mmoja wa kigango kilicho upande wa Serengeti alinisubiri nje ya sakristia akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Namfahamu tangu akiwa mtoto wa Utoto Mtakatifu. Alihitimu chuo kikuu, na huu ni mwaka wa tatu yuko nyumbani, anamsaidia mama yake kuuza dagaa na nyanya mnadani.

"Shikamoo, Padre. Nimeona tangazo la kazi. Wanataka wadhamini watatu, mmoja awe kiongozi wa dini. Naomba uniandikie."

Nikafungua bahasha. Shirika moja lisilo la kiserikali lilikuwa linatafuta mraghbishi wa jamii kwa ajili ya haki ya mazingira katika wilaya za Tarime na Serengeti. Kwa maneno ya kawaida, linatafuta mtu wa kutembea kijiji kwa kijiji na kukaa na watu wanaoishi karibu na mgodi, mto na hifadhi. Atawasaidia kuyataja matatizo yao, kuzijua haki zao na kujipanga ili wayasemee wenyewe panapohusika. Mkataba ni wa miaka miwili, pikipiki ipo. Mshahara haukutajwa, ila binti alikuwa ameshaulizia, na machoni pake niliona kwamba si haba.

Barua yake ya maombi ilikuwa imepangwa vizuri. Nikafika kwenye sentensi moja nikasimama. Aliandika kwamba anataka kuwa sauti ya wasio na sauti.

Nikamwambia, "Mwanangu, nipe juma moja. Na wewe nenda nayo ukaisome tena." Alidhani nimemkatalia. Ukweli ni kwamba sentensi ile iligusa kidonda changu mwenyewe, na nitakieleza hapa chini.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Mazingira yakiharibika, hayaharibiki kwa wote kwa kipimo kimoja. Faida huenda kwa mmoja, uchafu humfikia mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni yule ambaye hakuulizwa. Kulisawazisha jambo hilo ndiko tunakokuita haki ya mazingira.

Sisi wa Mara hatuhitaji mfano wa mbali. Mto wetu unaanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, unashuka karibu kilometa 400, unapita Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha unapita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mti ukikatwa Mau, anayetembea mbali zaidi na ndoo ni mama wa huku. Pale Nyamongo, mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na maji ya Mto Tighithe ulio jirani nao huishia Mto Mara. Mwaka 2009 wananchi walilalamika kwamba maji ya Tighithe yamechafuliwa. Mwaka 2019 serikali iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la mabaki yenye sumu. Mwaka huohuo kampuni ya Barrick ikaushika mgodi moja kwa moja, na baadaye serikali ikapata hisa asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga.

Kisha ikaja Machi 2022. Maji ya Mto Mara yakawa meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, na mjadala ukawa mkali nchi nzima. Sikusudii kuurudia mjadala huo hapa. Nasema tu kwamba mama anayeteka maji yale ana haki ya kuuliza vipimo vilichukuliwa wapi, na nani, lini, na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Kumwezesha aulize hivyo bila kutetemeka ni kazi, na ndiyo iliyokuwa imetangazwa katika ile bahasha.

Tena si kazi ya wapagani wala ya wanasiasa peke yao. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA walitoa kwa pamoja ripoti juu ya dhahabu yetu na namna taifa lisivyonufaika nayo vya kutosha. Mwaka 2015 Papa Fransisko akatupatia waraka wa Laudato Si', akitufundisha kwamba kilio cha maskini na kilio cha dunia havitengani.

MTU WA MSHAHARA

Katika Injili ya Yohane sura ya 10, tunayoisoma Dominika ya nne ya Pasaka, Bwana anamlinganisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara. Mtu wa mshahara akiona mbwa mwitu anakuja, anakimbia na kuwaacha kondoo, kwa sababu si wake.

Wengi tumeisoma sura hii kana kwamba kosa la mtu yule ni kulipwa. Sivyo. Yesu huyohuyo, alipowatuma wale wanafunzi sabini na wawili, alisema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Binti aliyesomeshwa kwa dagaa na nyanya asione aibu kutaka mshahara. Kosa la mtu wa mshahara huonekana siku mbwa mwitu anapokuja. Siku nyingine zote huwezi kumtofautisha na mchungaji, maana wote wawili wana fimbo na wote wawili hutembea mbele ya kundi.

Sasa nieleze kidonda changu. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia nyingine niliyotumwa, akina mama wanne walinijia kuhusu kisima chao. Maji yalikuwa yamebadilika rangi na ladha. Niliwasikiliza, nikawahurumia, nikaandika barua nzuri kwenye karatasi ya parokia, nikaipiga mhuri na kuipeleka mwenyewe kwa gari kwenye ofisi moja. Nakala nikaiweka kwenye faili. Kila waliponiuliza niliwajibu, "Ninafuatilia." Mimi peke yangu ndiye niliyeijua ofisi, nilimjua aliyeipokea barua, na nilikuwa na kumbukumbu namba. Kisha Askofu akanihamisha. Tukaagana kwa mbuzi na nyimbo.

Mwaka uliofuata nikakutana na mmoja wa mama wale msibani. Alinisalimia kwa heshima zote, kisha akasema bila hasira, "Padre, lile jambo letu ulihama nalo."

Sikuwa nimelipwa hata senti, lakini nilikuwa mtu wa mshahara. Sikumkimbia mbwa mwitu yeyote. Nilijifanya sauti yao, na nilipoondoka wakabaki bila sauti, wakati walikuwa nayo waliponijia. Walishatembea kilometa saba kuja kunieleza. Yalikuwa yamebaki machache tu: kuwaonyesha mlango wa ofisi, na kusimama nyuma yao.

ALIYEONDOKA NA ALIYEBAKI

Kazi hii ya kuwapanga watu wa mtaani ina historia, na sehemu yake imepita kwenye nyumba za mapadre. Mwaka 1985, huko Chicago nchini Marekani, kijana wa miaka 23 alijibu tangazo la kazi ya namna hii. Baba yake alizaliwa ng'ambo ya ziwa letu, nchini Kenya. Alipewa kazi katika mradi uliotegemea parokia za Kikatoliki za kusini mwa mji, na ofisi yake ilikuwa katika nyumba ya parokia. Jina lake ni Barack Obama. Katika eneo la nyumba za watu wa kipato cha chini liitwalo Altgeld Gardens, alifanya kazi na wakazi waliodai kwamba asbesto iliyokuwa ndani ya nyumba zao ishughulikiwe.

Lakini katika eneo hilohilo alikuwepo mama mjane, Hazel Johnson. Mume wake alikuwa amefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1969. Alianza kugonga mlango baada ya mlango akiuliza nani anaumwa nini, akaanzisha kikundi cha wakazi kabla kijana yule hajafika. Mwaka 1988 kijana akaondoka kwenda kusoma sheria, na yaliyofuata dunia nzima inayajua. Mama alibaki palepale akiendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 2011, akijulikana kama mama wa haki ya mazingira.

Simlaumu aliyeondoka. Hata sisi mapadre huhama. Nauliza swali moja tu: aliyelipwa alipoondoka, je, kulikuwa na watu waliobaki wamesimama? Pale walikuwepo. Kwenye kile kisima changu hawakuwepo, na kosa lilikuwa langu.

MASWALI MATATU

Binti aliporudi baada ya juma moja, tulikaa chini ya mwembe nikamsimulia habari za Nehemia. Huyu naye alikuwa mtu wa kazi ya kulipwa, mnyweshaji wa mfalme. Aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka alilia na kufunga, kisha akaomba ruhusa akaenda. Kutokana na Nehemia nikampa binti maswali matatu.

La kwanza: umemsikiliza nani? Nehemia alipofika alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku kukagua kuta mwenyewe, hajamwambia mtu neno. Barua ya binti ilikuwa imejaa sianidi na zebaki, lakini hakuwa amemuuliza bibi yake mzaa mama wakati wa kiangazi wanateka maji wapi. Nikamtuma kwanza kwa bibi, kisha kwa wafugaji, kwa wachimbaji wadogo, na kwa familia ambazo tembo wamemaliza mtama wao. Nikamwambia aangalie mkutanoni nani anakaa mbele na nani anakaa nyuma na mtoto mgongoni. Aijue na milango iliyopo tayari. Upo mkutano mkuu wa kijiji. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Na wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu miaka ya 1980 kupinga dampo la taka karibu na nyumba zao, na Mahakama ikawasikiliza.

La pili: uko tayari kusema ukweli nyumbani kwako? Katika sura ya tano, maskini wanamlilia Nehemia, na wanaowalalamikia si adui wa nje, ni ndugu zao Wayahudi wanaowatoza riba. Nehemia hakunyamaza ili kulinda umoja. Tena yeye mwenyewe, akiwa liwali, aliacha kula posho ya uliwali kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Nasi tunayo yetu. Nyamongo kila mtu anajua maana ya tegesha: kupanda miti na kusimamisha vibanda harakaharaka mahali panapotarajiwa kufanyiwa tathmini, ili kuvuna fidia. Wapo tunaolima hadi ukingoni mwa mto. Wapo wanaotumia zebaki kusafisha dhahabu kwenye karai wanalopikia. Haki inayomwona mwenye kampuni tu na kumfumbia macho mjomba haidumu.

Hapo binti akainama. Akaniambia kaka yake ni dereva wa mkandarasi anayefanya kazi mgodini, na kwamba ada ya wadogo zake inatoka hapo.

"Na kaka yako akiachishwa kazi kwa sababu yako?"

Alikaa kimya muda mrefu. "Sijui, Padre."

La tatu: mbwa mwitu akija utafanya nini? Nilimpa mfano wa Phyllis Omido wa Mombasa. Aliajiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu katika mtaa wa Owino Uhuru, kazi yake ikiwa kuhusiana na jamii. Akagundua kwamba kiwanda kinawatia watu sumu ya madini ya risasi, na mtoto wake mwenyewe mchanga akakutwa nayo mwilini. Aliacha kazi akaungana na wakazi. Alikamatwa, alitishwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hata baada ya hapo kesi iliendelea kwenye rufaa hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliporejesha fidia hiyo. Mkataba wa miaka miwili hauwezi kumaliza jambo la miaka kumi na mitano. Kwa hiyo, toka siku ya kwanza, fanya kazi kama mtu atakayeondoka. Namba ya jalada waijue watu watano. Barua iandikwe na katibu wao na itiwe saini zao. Hata Musa alishauriwa na mkwe wake Yetro awaweke viongozi wa maelfu, mamia na makumi, asijimalize peke yake.

MAMA YAKE

Kabla sijaiandika barua, mama yake alikuja peke yake jioni. Hakuketi. "Padre, nakuomba usimwandikie. Pale tumezika watu."

Ni kweli. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu kadhaa waliokuwa wameingia mgodini, na hayo hayakuwa mazishi pekee yaliyotokana na dhahabu ile. Sikuwa na jibu la kumpa mama yule. Kumwambia mzazi kwamba Mungu atamlinda mwanawe ni rahisi kwa padre asiye na mtoto. Nilimwomba tu tuketi watatu, aseme mbele ya bintiye yale aliyoniambia mimi.

Tuliketi. Binti alieleza, mama akasikiliza huku akisugua kiganja chake. Mwishoni mama akasema, "Maji hayo nayateka mimi. Kama ni kwenda, asiende peke yake. Sisi wa jumuiya tunaweza kuongea. Hakuna aliyetuuliza."

Nimesoma falsafa na teolojia miaka mingi, lakini sikuwahi kusikia kazi ile ikielezwa vizuri namna hiyo. Asiende peke yake, na watu wanaweza kuongea. Binti alichukua kalamu palepale akaifuta ile sentensi yake ya sauti ya wasio na sauti.

KWA MNAOOMBA, NA KWA SISI TUNAOBAKI

Vijana wangu mnaoomba kazi kama hii, andikeni mlichokifanya kweli. Aliyekuwa katibu wa jumuiya, mtunza hazina wa VICOBA, au aliyepanga safari ya hija ya vijana sitini na wote wakarudi salama, ameshawahi kuwapanga watu. Hakikisheni shirika limesajiliwa, na asiwepo wa kuwatoza fedha ili mpate ajira. Mkifika kwenye usaili, nanyi ulizeni: nani atawalinda wanakijiji watakaosema? Mradi ukiisha, kitabaki nini?

Na sisi tunaobaki, tusimtume mtoto wa mwenzetu kwa mbwa mwitu halafu tukae barazani tukingoja habari. Tangu mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Tunakutana kila juma kusali na kusoma Neno. Tukimaliza sala, tuulizane pia: maji ya juma hili yakoje? Nani amelisha mifugo kwenye chanzo? Nani ataenda mkutano wa kijiji, na nani atafuatana naye? Ukuta wa Yerusalemu ulijengwa kwa siku hamsini na mbili kwa sababu wengi walijenga kipande kilichokabili nyumba zao wenyewe.

Barua nimeiandika. Sikusema kwamba binti huyu ni jasiri, maana hilo bado hatujaliona. Nilisema kwamba alipoulizwa swali zito kuhusu kaka yake alijibu hajui, na kwamba mtu asiyedanganya mbele ya padre wake huenda asiwadanganye wanakijiji. Nilisema pia kwamba mama yake anajua na ameridhia kwa sharti moja, na nikaliandika sharti hilo. Majibu hayajaja. Inawezekana atapata mwingine, na huyo naye tumwombee.

Nami nimeanza kuulipa wangu. Nilimpigia simu yule mama wa msibani nikampa jina la ofisi, tarehe ya barua na kumbukumbu namba. Akaniambia nisubiri, akaite wenzake watatu ili nao waandike.

Ee Bwana, Mchungaji Mwema, uwape vijana wetu ujira wa halali na moyo usiokimbia. Na sisi utupe miguu ya kufuatana nao. Amina.